Sufuria ya Masizi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu kule Dundori, nilifukuza maji. Cheka ukitaka, lakini hivyo ndivyo nilivyoamini kwa miaka zaidi ya ishirini.

Chini ya shamba letu la viazi palikuwa na chemchemi. Baba alikuwa amekata miti ya kienyeji iliyoizunguka akapanda mikaratusi, na ilikuwa imeanza kurefuka. Shosho, mama yake baba, alikuwa na sheria yake: hakuna kuchota kwa sufuria iliyopikiwa kwenye kuni.

"Maji yana mwenyewe," alituambia. "Akiona masizi anafunga virago, na ng'ombe watakufa kiu."

Siku moja nilitumwa maji haraka, jagi sikuliona. Nikanyakua sufuria ya githeri, nyeusi tititi, nikaitumbukiza. Masizi yakaelea juu ya maji. Niliangalia huku na huku, hakuna aliyeniona.

Kiangazi kilipofika, chemchemi ikakauka. Kabisa! Nilisimama pale na ndoo yangu tupu. Ndama wetu akafa. Mama akaanza kubeba maji kutoka bondeni, mkanda wa mtungi umemkata kichwani, na kila nilipomwona ameinama hivyo nilijua ni mimi. Mwishowe nilimwambia Shosho huku nikilia. Alinitazama sana, kisha akasema tu, "Usirudie."

Sikurudia. Siku hizi naishi Lanet, na mpaka leo siwezi kutupa hata karatasi ya peremende penye maji. Mvua ikikaribia, mimi ndiye ninayezibua mtaro wa ploti nzima. Majirani wananiita Mama Mtaro.

Mwaka jana Shosho alilala mgonjwa. Nikamuuliza kama kweli nilifukuza maji. Alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe? Woi! Ni mikaratusi ya babako. Ilikunywa chemchemi yote."

"Ulijua?"

"Tangu siku ile ile."

Miaka yote hiyo! "Shosho, kwa nini uliniacha nibebe mzigo usio wangu?"

"Babako nilimwambia mara ngapi asiguse ile miti ya kienyeji? Hakuogopa. Wewe uliogopa. Nikaona afadhali nibaki na mmoja anayeogopa."

Nilikasirika, sitaficha. Nilitoka bila kuaga. Wiki mbili baadaye tukamzika, na hata siku ya mazishi nilikuwa bado sijamsamehe.

Baada ya mazishi, Baba mwenyewe ndiye aliyekubali mikaratusi ikatwe. Mwaka huu udongo pale penye chemchemi umeanza kulowa, na kidimbwi kidogo kimejikusanya. Juzi tulipokwenda Dundori, binti yangu alikuja mbio achote, mkononi ana sufuria nyeusi ya nyanyake.

"We! Weka chini!" nilipiga kelele. "Maji yatahama!"

Mtoto aliganda, macho yamemtoka. Mimi mwenyewe nilishtuka kusikia maneno yale yakitoka kinywani mwangu. Nilitaka kumwambia ukweli wote pale pale. Kisha nikaangalia yale maji, hayajafika hata kifundo cha mguu, nikanyamaza.