Barua Iliyonywewa

Mwanaasha mke wa Kondo hakuwa mtu wa kukaa. Hata akipepeta mpunga alikuwa akienda na kurudi, na mama mkwe wake, Bi Kidawa, alizoea kusema kwamba mkaza mwana wake ana siafu nguoni. Lakini mwaka ule Kondo alipovimba paja, alizidi.

Paja lilivimba likawa la moto, na mwenyewe akaanza kuweweseka. Huko vilimani, nyuma ya Tingi, hapakuwa na wa kulitazama, basi wakafanya walichofanya wengi zama zile za Mwingereza: wakamwandikia Tabibu Huseni wa Kivinje. Mzee yule alikuwa na jina. Barua za wagonjwa zilimjia kutoka Lindi na Mafia, hata Mombasa, na kila alasiri alizijibu kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu: huyu mpeni mdalasini, yule mkandeni kwa maji moto. Mwalimu wa chuo cha Kurani pale kijijini aliandika habari za paja, na Likwata, mchuuzi wa nta, akaipeleka barua.

Majibu yalipoletwa, mwalimu alikuwa amekwenda mazikoni Nangurukuru. Likwata hakujua kusoma, na nyumbani hakuwepo ajuaye. Mwanaasha akataka mwalimu afuatwe. Bi Kidawa akamwonea huruma kwa ujinga wake. Kwani hajaona kombe? Maandishi ya mtu mwenye elimu huoshwa yakanywewa. Ndivyo alivyopona yeye, na mama yake kabla yake.

"Tabibu hakuandika ili tusome," alisema. "Ameandika ili mwanangu apone."

Akaitandaza barua kwenye sahani, akaimwagia maji, akaisugua kwa kidole mpaka maandishi yote yakatoka. Kondo akanywa, hakubakisha.

Mwanaasha naye alikwisha kunywa makombe maishani. Yalikuwa ya manjano, ya zafarani, yakinukia marashi. Haya yalikuwa meusi kama maji yaliyofuliwa kaniki mpya. Alitoka uani, akarudi ndani, akatoka tena. Je, kama ni sumu? Na kama si sumu, tabibu alikuwa amesema nini? Asubuhi Kondo alisema ana nafuu, akaomba uji, na Bi Kidawa akapiga vigelegele. Mwanaasha akaligusa paja. Lilikuwa la moto vilevile. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Akajifunga kanga, akashika njia ya Kivinje bila kuaga.

Alimkuta Tabibu Huseni barazani, mafungu ya barua yamemzunguka. Akamwamkia, akamweleza yote. Mzee alicheka hadi machozi. Wino ule ni wa dukani, akasema, matone mawili matatu hayamuui mtu. Kisha akauliza kama mgonjwa anasema amepata nafuu, na aliposikia ndiyo, kicheko kikamwisha. Akachezea tasbihi yake. Basi arudi nyumbani, alisema, mponyaji ni Mungu.

Mwanaasha hakuondoka. Akauliza barua ilikuwa imesema nini.

Tabibu alitazama kwanza kama barabarani kuna mtu. "Niliandika kwamba sina dawa, mwanangu. Lile ni jipu la ndani, ni la kukatwa, na mimi sikati. Aletwe hapa, hospitali ya Serikali, asikawishwe."

Mwanaasha alipandwa na hasira. Aliona wazi mzee anachokipigia hesabu: barua ya kwanza imekwisha kunywewa, hakuna aliyeisoma. Ya pili itasomwa, na vilima vizima vitajua kwamba Tabibu Huseni ameshindwa. Kwa hiyo Kondo afe ili jina la mtu lisichafuke?

"Niandikie maneno yaleyale, Tabibu," alisema. "Nikisema mimi, mama mkwe hataniamini. Na uandike kwa kitu kisichotoka kwa maji."

Mkono wa mzee ulikaa juu ya karatasi, hauendi. Mwisho akaiweka chini kalamu ya wino, akachukua penseli aliyoandikia vifurushi vya dawa.

Nyumbani Bi Kidawa aliipokea barua kwa furaha, akaleta sahani. Akamwaga maji, akasugua, akasugua tena.

"Haya hayatoki," alisema, na sauti yake ilikuwa na woga.

Mwalimu alikuwa amerudi, akaitwa. Alipofika penye "sina dawa" alisoma kwa kunong'ona, maana majirani walikuwa wamejaa uani. Yaliyobaki akayapandishia sauti. Bi Kidawa aliinuka mwenyewe kwenda kutafuta wanaume wa kubeba kitanda.

Kondo alikatwa jipu, akarudi anachechemea. Miaka yote akawa anawasimulia watu jinsi kombe la tabibu lilivyomshukia hadi pajani, hospitali ikamalizia tu. Mwanaasha alisikiliza, asiseme neno. Ila aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: karatasi ikiingia nyumbani, iwe ya kodi au ya harusi, alizunguka nyumba mpaka apatikane wa kuisoma.

Alisema siku walipotoka kumzika Tabibu Huseni. Kondo alikuwa akilia, akiapa kwamba dawa ile hataisahau. Mwanaasha akamwambia alichokunywa na yaliyokuwa yameandikwa, akamtolea sandukuni ile karatasi ya penseli.

Kondo aliishika, mkono wa pili ukipapasa kovu.

"Mtu mkubwa vile kuandika kwamba hana," alisema. "Tena mara mbili." Kisha akaikunja. "Irudishe. Wakiniuliza, nitasema kombe lilinishukia pajani."

Mwanaasha akairudisha sandukuni, akaja akakaa karibu naye.