Redio ya Magunia ya Korosho

Nilipokuwa mtangazaji, dunia nzima ilinisikiliza. Nasema dunia nzima kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikisema mwenyewe, kila Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, nikiwa nimejikunja ndani ya stoo moja ya mtaa wa Chuno yenye joto la kuivisha mkate: "Hii ni redio yenu, inayosikika mjini Mtwara, Mikindani, Msimbati na ng'ambo ya Ruvuma. Na nyie mlioko baharini, poleni na mawimbi." Kisha napiga chafya. Vumbi la magunia ya korosho halimheshimu mtangazaji.

Tulikuwa watu watatu, wote wanafunzi wa shule ya jioni, wale ambao mchana tunafanya kazi na saa moja inapofika tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu, tunajifunza hesabu kwa mwanga wa karabai. Mimi nilikuwa mchukuzi. Nilibeba magunia ya korosho, na siku njema nilibeba mawili mawili, moja kila bega, nikiimba. Ufunguo wa stoo ya magunia matupu ulikuwa kwangu, na magunia matupu yakipangwa ukutani humeza sauti vizuri sana. Ukipiga kelele mle ndani, aliye nje anadhani ni panya.

Wa pili alikuwa fundi redio, mtu wa maneno matatu kwa siku. Vipuri vya redio zilizomfia mikononi alivikusanya mpaka akaunda mtambo mdogo wa kurushia sauti, ndani ya kopo la biskuti. Waya wa kurushia tuliufunga uani, kutoka paa la stoo hadi kwenye mpapai, tukamwambia bibi mwenye nyumba kwamba tumemfungia kamba ya kuanikia nguo. Bibi alifurahi, akatuombea dua, akaanika. Siku yake ya kufua, kanga mbichi zikining'inia pale, redio yetu ilisikika ndani ya stoo peke yake.

Haya yote yalikuwa ya siri. Kurusha matangazo bila kibali lilikuwa kosa popote nchini, na kwetu, karibu na mto ambao ng'ambo yake watu walikuwa vitani wakimtoa Mreno, lilikuwa kosa la kumtoa mtu jasho. Kila mkutano tuliambiwa tujihadhari na majasusi. Tulijihadhari kweli kweli. Haikutupitia akilini kwamba sisi ndio tungeonekana majasusi.

Wa tatu alikuwa yeye, msichana pekee kati yetu.

Mchana alishona nguo kwenye baraza la duka, kwa cherehani iliyolia kama mbuzi. Alikuwa amevuka Ruvuma akiwa mtoto, na majirani waliokimbia vita. Mama yake alibaki kumuuguza bibi yake asiyeweza kutembea. Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa Kimakonde, kinapanda na kushuka pale ambapo cha kwetu kinakwenda sawasawa, na alipoanza kusoma salamu, nyumba zote za jirani zilinyamaza. Hilo sitii chumvi. Salamu ndizo zilizokuwa roho ya redio yetu. Ukiituma kadi yako kwenye redio ya taifa, unangoja mpaka unasahau uliyemsalimu. Kwetu ulimnong'oneza bibi mwenye nyumba, aliyedhani tunaandika barua, na jioni ile ile shemeji yako anasalimiwa hewani.

Jioni moja, tukipanga magunia, akaniuliza, "Kaka, ile ng'ambo unayoitaja, kweli inafika?"

"Inafika!" nikasema. "Mreno mwenyewe anazima injini ya gari ili asikie vizuri."

Alicheka, na alipocheka alifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Ningesema inafika mwezini ili acheke tena. Fundi alikuwa pale, ameinamia kopo lake. Maneno yake matatu ya siku ile alikuwa ameshayatumia.

"Kijijini kwa mama yuko mwalimu wa dini ana redio," akasema. "Jioni watu hujaa barazani kwake."

Tangu siku hiyo, mwisho wa kila kipindi, alikisogelea kile kipaza sauti chetu na kusema na mama yake kwa Kimakonde. Sikuelewa yote. Nilielewa neno mama, neno Chuno, neno nakungoja. Nilikuwa nikikaa kwenye gunia nyuma yake, naangalia shingo yake ikipigwa na miale iliyopenya kwenye bati, na nilitamani kipindi kisiishe. Sasa nina miaka yangu hii, nimesikiliza redio za kila namna, na bado sijaisikia sauti iliyomwamini msikilizaji wake kama ile.

Jumapili moja mjomba wake alifika kutoka ng'ambo. Alikuwa mtu mwembamba, aliyevuka na kurudi kwa njia zake, akibeba chumvi na habari. Nilikuwa barazani siku ile, nimejipeleka kushonewa suruali ambayo haikuwa imechanika.

"Bibi yako tumemzika," mjomba akasema. Alimwacha alie kidogo, kisha akaendelea. "Mama yako sasa yuko peke yake. Anaweza kuja. Ila anasema miaka imepita, huenda una maisha yako, hataki kuja kuwa mzigo. Anataka neno kutoka kinywani mwako. Useme aje, na useme utampokea wapi. Nakwenda Msimbati kwa wakwe zangu, Ijumaa navuka. Nimwambie nini?"

Alijifuta macho, akatabasamu. "Keshaambiwa, mjomba. Nimemwambia mwenyewe, mara nyingi tu. Wewe usihangaike."

Mjomba alimtazama, akanitazama na mimi, akatikisa kichwa taratibu. Siku zile kando ya Ruvuma, mtu akikwambia ujumbe wake umeshapita, huulizi umepita wapi wala umebebwa na nani. Kuuliza ni kumtia mtu hatarini. Na ukiwa na akili, hupeleki ujumbe wa pili juu ya wa kwanza usije ukavuruga njia ya mwenzio.

"Haya, mwanangu. Vizuri," akasema, akajitwika mzigo wake.

Mimi nilikuwa nimekaa pale. Nilikuwa na mdomo, mdomo huu huu uliokuwa ukizungumza na mabaharia. Nikauliza suruali yangu itakuwa tayari lini.

Alhamisi ile, katikati ya salamu, mlango wa stoo ulisukumwa. Aliingia balozi wa nyumba kumi, mzee mwenye kofia na fimbo, redio yake ya mkononi ikiwa kwapani, inatoa sauti yetu. Fundi akazima mtambo. Mimi nilikwisha kujiona gerezani, nimezeeka, nina ndevu mpaka kitovuni.

"Shikamoo mzee," tukasema wote watatu, kama darasani.

"Marahaba, majasusi wangu." Akakaa kwenye gunia. "Wiki ya pili hii nawasikia. Ningekwenda polisi siku ya kwanza. Lakini nikasema, kwanza nijue hawa wanazungumza na nani. Nimepita nyumba kwa nyumba na redio yangu."

"Tusamehe, mzee," nikasema.

"Ngoja kwanza. Nyumba ya kwanza nawasikia. Ya tano, nawasikia. Ya kumi, mnakwaruza. Nafika kwa muuza mkaa, kimya! Nikatembea mpaka sokoni, kimya. Nikapanda tuta la mchanga kule nyuma, kimya kabisa." Akacheka mpaka fimbo ikamwanguka. "Jasusi gani huyu anayesikika mpaka kwa muuza mkaa? Fungeni kopo lenu, vijana, kabla hajaja mwingine asiye na subira. Na kabla hamjafunga, mnisalimie mke wangu, amewazoea."

Tulicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Balozi alitoka akicheka. Ndipo nikaona kwamba yeye hajacheka.

Alimgeukia fundi. "Inafika wapi?"

"Kwa muuza mkaa," fundi akasema.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na huyu?"

Fundi akaniangalia, akainamisha macho.

"Kumbe nimemwambia muuza mkaa aje," akasema. Hakupandisha sauti. "Mama yangu atajiona hatakiwi, na muuza mkaa atajua anatakiwa."

Alfajiri ya Ijumaa nilikuwa mlangoni kwake na baiskeli ya fundi. Alikaa nyuma bila kunishika kiuno, ameshika chuma cha kiti. Kwenda Msimbati ni maili mia tano, ingawa wenye ramani wana hesabu yao, na nusu ya njia ni mchanga unaomeza gurudumu. Tulisukuma. Niliomba radhi mara nyingi, na kila mara alijibu, "Sukuma, kaka."

Tulifika jua likiwa kichwani. Mke wa mjomba alikuwa akitwanga mihogo mikavu. Alituambia kwamba mumewe alivuka jana yake, maji yalikuwa mazuri.

"Hakusema atangoja Ijumaa?" nikauliza.

"Angoje nini? Alisema huku ujumbe umeshapita, hakuna kilichobaki."

Yeye alikaa chini pale pale, kando ya kinu. Baadaye akachukua mchi, akaanza kumsaidia mama yule kutwanga, na akitwanga akaniambia, "Rudi wewe. Una darasa. Mimi namngoja mjomba arudi."

Nilikwenda tena baada ya wiki mbili, na mkate na kitabu cha hesabu. Mjomba alikuwa hajarudi, na mawingu yalianza kujikusanya. Aliupokea mkate. Aliniuliza darasani tumefika wapi, nikamwambia tumefika kwenye hesabu za sehemu, akasema sehemu anazipenda. Mtu mwingine angeona ni maneno madogo. Mimi nimeishi nayo mpaka leo.

Mara ya tatu nilimkuta mke wa mjomba peke yake, anaanika pweza kwenye kamba.

"Kavuka," akasema. "Juzi. Alisema mvua zikianza mto hautapitika, na mama yake hawezi kukaa mwaka mzima na fikra kwamba hatakiwi. Alipata watu wa kuvuka nao."

"Atarudi lini?"

"Nitajua wapi, baba?"

"Hakuacha neno?"

Akageuka, akanitazama kuanzia viatu vyenye mchanga mpaka usoni. "Neno la nani? Kwani wewe ni nani wake?"

Nikamsaidia kufunga kamba iliyolegea upande wa pili, nikageuza baiskeli.