Matanga ya Mama Aliye Hai

Bosi alininyima likizo ya ziara ya baiskeli, ya siku kadhaa na kiongozi, kwenye njia zilizokuwa za reli kabla haijang'olewa. Nikamwambia kwamba mama amefariki Kenya, kwa presha. Presha anayo kweli, ila anaishi kwangu hapa ughaibuni, Stratford. Mjinga mimi! Nilisahau kwamba wodini ninakofanya kazi tumejaa Wakenya, na Mkenya, hata ukiwa umesafiri kuzika, atakuja kuwapa pole watu wa nyumbani kwako.

Niliporudi na kaptura ya kubana, matope hadi masikioni, niliwakuta wenzangu wa wodini sebuleni kwangu, na sufuria za pilau na vitabu vya nyimbo. Mama alikuwa akizunguka na birika.

"Ingia, baba," aliniambia bila kunitazama. "Nawapa chai waliokuja kunililia."