Siku Baba Alipoacha Kumsubiri Mama

Ile kompyuta iliokolewa na mwalimu mwenzangu anayefundisha somo la kompyuta. Ilikuwa kuukuu, inawaka kwa manung'uniko, na mfumo wake wa mwanzo ulishakuwa mzito haubebeki. Akaniwekea mfumo mwingine uitwao Linux. "Dada, hii ni ya bure na haibagui mashine za wazee," akaniambia. Nikamjibu kwamba mimi nataka ipige muziki tu, mengine atajua mwenyewe. Akatia na programu ya kupigia muziki, akanionyesha pa kubonyeza. Nikaibeba kutoka Bukoba mpaka Izigo kwa mama, nikaiweka juu ya kigoda cha marehemu baba, spika pembeni.

Ndani yake mlikuwa na kitu kimoja tu cha maana kwetu, sauti ya baba. Baba alikuwa mpigaji wa enanga, kile chombo chetu cha nyuzi kinacholazwa mapajani. Mwaka wake wa mwisho nilimrekodi kwa simu yangu akipiga na kusimulia, siku ambayo mama alikuwa ameenda msibani Kashozi. Sasa kwetu, mtu wa enanga hasimulii peke yake. Akifika mahali husimamisha nyuzi, akasubiri, na msikilizaji lazima aitikie, "Eee!" Usipoitikia, anajua umesinzia au umemdharau, na baba alikuwa na hasira za karibu: angeweka enanga chini akaulizia chakula. Mwitikiaji wake, tangu alipooa, alikuwa mama. Siku ile mama hayupo, na mimi na ushamba wangu wa kisomi nikaogopa kuiharibu rekodi kwa sauti yangu, nikawa naitikia kwa kutikisa kichwa. Kwa hiyo rekodi ile ni baba, halafu kimya, halafu baba tena.

Tulipomzika, kumbukumbu za mama zikaanza kumponyoka. Kuna siku aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, na namna alivyouliza kwa adabu ndiyo iliyoniumiza zaidi. Lakini ukiwasha ile rekodi alikuwa anakaa wima, anajifunga kanga vizuri, na baba akisimamisha nyuzi tu, mama huyo, "Eee!" Anaingia palepale, hawahi wala hachelewi. Mara ya kwanza wifi yangu, mke wa kaka anayeishi naye pale nyumbani, alikimbilia jikoni kulia. Mimi sikukimbia, nililia palepale kwenye mkeka.

Mtaniuliza kwa nini nisitumie simu. Nilijaribu. Mama akisikia sauti ndani ya simu anajua huyo mtu yuko safarini, anaanza kuuliza kafika wapi na atarudi lini. Utamjibu nini? Sauti ikitoka pale kwenye kigoda haulizi kitu. Mume wake yuko mahali pake.

Basi Jumamosi moja, kiherehere changu, nikaiunganisha kompyuta na bando la simu ili nishushe nyimbo mbili tatu za kwaya. Kumbe na yale maprogramu nayo yalikuwa yanangoja intaneti. Ile ya muziki ikajisasisha yenyewe, ikazimika, na nilipoifungua ikanitolea tangazo kwa Kiingereza: kuanzia sasa haitafanya kazi tena kwenye Linux, watumiaji ni wachache, wanatushukuru kwa kuwa nao.

Shukrani ya nini, jamani? Watu wamekaa huko kwao, wilaya yetu ya Muleba hawajui hata iko upande gani wa dunia, wameamka asubuhi wakaona sisi ni wachache. Kweli ni wachache! Pale chumbani tulikuwa mimi, wifi na mama, na mama alikuwa ameshika mbuni zake, zile kahawa kavu za kutafuna, mkononi, anangoja. "Mbona haanzi leo?" aliuliza. Nikasema amepumzika kidogo. Nikaibeba kompyuta kurudi nayo Bukoba ninakokaa.

Mwalimu mwenzangu alinicheka kwanza, ndiyo kawaida yake. "Faili la baba lipo salama, dada. Kilichokufa ni kinanda, siyo wimbo." Tukatafuta programu nyingine. Ya kwanza ilikataa kufunguka. Ya pili ilifunguka, ikapiga hadi katikati, ikaganda, na kila ukiigusa inaanza upya. Ya tatu, Yesu na Maria, ilikuwa nzuri! Sauti ya baba ilitoka safi hata ukucha wake ukipita kwenye nyuzi unausikia. Nikajiona mjanja. Programu hiyohiyo nikaiweka na kwenye simu yangu, kisha Jumamosi iliyofuata nikairudisha kompyuta Izigo, huku nimeshajiandaa kushangiliwa.

Mama akakaa wima. Baba akaanza. Alipofika pale pa kusubiri, mama akafungua mdomo, na baba akawa ameshaendelea. Akajaribu tena, "Ee—", baba kampita. Mara ya tatu alifumba mdomo, akawa anakitazama kigoda, na mbuni zikamwanguka kwenye mkeka bila yeye kuziokota.

"Hanisubiri," alisema kwa Kihaya, taratibu. "Nimemkosea nini?"

Mimi mwenye masikio yangu mawili sikusikia tofauti yoyote! Nikadhani ni ugonjwa umesogea mbele. Nikamwambia wifi tuwe na subira, nikarudi mjini.

Katikati ya wiki wifi akapiga simu. "Wifi, mama hataki tena iwashwe. Anasema Tata, mumewe, amemnunia, tusimsumbue. Na chakula anakula kwa kusukumwa."

Siku ile jioni nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi, nikamwasha baba kwenye simu ili nisiwe peke yangu. Baada ya muda nikajikuta natikisa kichwa, kama siku ile ya kurekodi. Na kichwa changu kinachelewa. Baba amesimamisha nyuzi, mimi naitikia, yeye keshaanza mengine. Nikaweka kalamu chini. Nikaingia kwenye mipangilio ya ile programu, na huko chini kabisa nikakuta kitu kimewashwa tayari bila mtu kuniuliza: kuruka sehemu zenye ukimya, ili msikilizaji asipoteze muda. Nilipiga ukelele hadi jirani akaja kubisha hodi. Ile nafasi ndogo ya mama, ndiyo waliyoiona kuwa ni kupoteza muda.

Kesho yake nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikasema nina mgonjwa. Nikafika Izigo kabla ya chakula cha mchana, nikakizima kile kitu, nikamwita mama. Alikuja kwa ajili yangu, nilimwona, siyo kwa ajili ya kigoda.

Baba akaanza. Akafika pale, akasimamisha nyuzi. Akasubiri. Kimya kile kilikuwa kimerudi chote, kirefu vilevile. Nikamtazama mama mdomoni. Wifi alisimama mlangoni na mwiko mkononi, naye anamtazama. Mama alikuwa anazikunja pindo za kanga yake. Baba akaendelea, akafika pengine, akasubiri tena, na mimi nikashindwa kuvumilia. Nikaitikia, "Eee!" Sauti ilinitoka vibaya, yenye machozi, ile niliyomnyima siku alipokuwa hai mbele yangu.

Mama akaniwekea mkono gotini.

"Acha kujichosha, mwanangu," aliniambia. "Huyu siku hizi anaongea mwenyewe."