Filimbi ya Clarrie Haughton

Pale Walcha, mji wa wafugaji huko Australia, hakuna aliyejua kumsimamisha mbwa kama jirani yangu Clarrie Haughton. Miaka arobaini alifundisha mbwa wa kuchunga kondoo, na wimbo wake ulikuwa mmoja: kukimbia kila mbwa anajua, asiyejua kusimama ni mwizi wa nyama tu. Filimbi moja, na mbwa analala chini hata kondoo akiwa mdomoni mwake. Kofia ndiyo hakuvaa. Kofia, alisema, ni ya watalii.

Jua likamlipa. Baka jeusi shingoni likawa saratani ya ngozi, nayo ilishafika mapafuni. Daktari wake, binti mdogo, alimweleza taratibu.

"Mzee, askari wa kinga mwilini mwako wana breki, ili wasikushambulie wewe mwenyewe. Saratani imejifunza kuikanyaga breki hiyo. Dawa hii ya dripu inaizuia isiikanyage."

"Yaani imeniibia filimbi?"

"Ndiyo. Na sisi tunawaziba mbwa masikio."

"Mbwa viziwi! Na kondoo wangu je?" Clarrie akacheka.

Daktari hakucheka. "Ndiyo maana ukianza kuharisha, unanipigia siku hiyohiyo."

Sasa, wanaume wa kwetu hata mashine iwakate mguu watakwambia "si mbaya". Baada ya dripu ya tatu Clarrie aliharisha mara nane kwa siku, na damu juu yake. Nesi alipopiga simu kumjulia hali, alijibu, "Si mbaya, dada." Aliogopa wakijua watamkatia dawa, na bila dawa aliona kaburi. Ushujaa wa namna hiyo unanikera mpaka leo.

Mkewe, Noreen, akampokonya simu. "Usimsikilize huyu! Anahamia chooni!"

Akalazwa. Askari wake walikuwa wanautafuna utumbo wake mwenyewe. Wakapewa dawa kali ya kuwatuliza, na ile dripu ikasimamishwa kabisa.

"Umeniua, Noreen," alisema Clarrie, akageukia ukutani. Siku nne hakumsemesha.

Miezi mitatu baadaye picha ilionyesha uvimbe wa mapafuni umesinyaa, karibu umekwisha. Daktari alisema askari waliokwisha kuamka waliendelea na kazi bila kutumwa. Bwana filimbi aliitazama ile picha muda mrefu.

"Si mbaya," akasema.

"Sema vizuri, Clarrie!"

Akaushika mkono wa Noreen, akalia kama mtoto.