Nilitafsiri katuni ya Kijapani pale Bariadi bila kujua Kijapani, ikamponza mama jirani

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioshiba na mnaosubiri ugali.

Leo naleta review ya episode moja tu ya anime, ila review yangu ina historia ndefu kidogo. Sitatia chumvi. Chumvi niliyokuwa nayo niliimaliza yote miaka ile, na mtaona ilinifikisha wapi.

Wiki iliyopita binti yangu alikuwa anaangalia anime moja ya mizimu kwenye laptop. Nikasikia muziki wa mwanzo, ile filimbi nyembamba kama ya mchungaji aliyepoteza ndama. Nikaacha chai. Nilikuwa naujua muziki ule tangu miaka ya tisini.

Twendeni taratibu.

Miaka ile Simiyu ilikuwa bado haijawa mkoa, Bariadi ilikuwa chini ya Shinyanga. Enzi ya ruksa, ya biashara huria, ilikuwa imeshaingia. Wafanyabiashara binafsi walianza kununua pamba, na vitu tulivyokuwa tunavisikia tu redioni vikaanza kuonekana madukani.

Mmoja wa wanunuzi hao alikuwa Shija, mtu wa Kasoli. Msimu wa pamba ukiisha godauni lake linabaki tupu, akaona aweke deki, TV na jenereta. Likawa banda la video. Tulikalia magunia, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na mabaki ya pamba yalikuwa yanaelea kwenye mwanga wa TV kama theluji ambayo hatujawahi kuiona.

Mimi nilikuwa nimemaliza form four, sina ramani. Shija akanipa kazi ya kutafsiri. Nasimama pembeni ya TV na kipaza sauti, steringi wa filamu akisema neno, nalileta kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kisukuma.

Kiingereza nilijitahidi. Kichina nilikuwa naangalia mdomo na ngumi. Mdomo ukifunguka sana, "nitakuua." Ukifunguka kidogo, "mwalimu wangu alikufa."

Siku moja mikanda ilipotoka Mwanza, kukawa na mmoja hauna jalada. Kuuweka, kumbe katuni ya Kijapani. Shija akaniuliza, "Hiki nacho unakiweza?"

Nikamjibu, "Kidogo."

Wakuu, sikuwa najua hata neno moja.

Sasa review yenyewe. Hapa kuna spoiler, asiyetaka aruke aya tatu.

Kuna mji ambao mvua haikatiki. Katikati kuna kisima cha mawe. Kila jioni kivuli kinatoka kisimani, kinapita nyumba hadi nyumba kuiba sauti za watoto. Mtoto anaamka asubuhi, anafungua mdomo, kimya.

Pembeni ya kisima anakaa mama mzee mwenye taa na mtungi. Macho yake ni mekundu kabisa. Wamemchora kwa mistari michache, lakini ukimwangalia unahisi baridi mgongoni. Hakuna damu nyingi, hakuna kelele. Kinachotisha ni ule ukimya wa watoto.

Mwisho wa episode mama anauinua mtungi na kuuinamisha, sauti za watoto zinasikika zikilia ndani yake, picha inakatika.

Banda zima lilikuwa linanisubiri. Kwa hiyo nikawapa walichozoea. Nikasema huyu mama ndiye mchawi, ndiye anayekituma kile kivuli, na ndani ya mtungi anakunywa sauti za watoto. Nikamtengenezea na kicheko. Watu walifurahi sana. Shija alinipa soda baridi.

Hiyo ilikuwa Jumamosi mchana.

Jumatatu ndipo mambo yalipoanza kugeuka.

Jirani yetu alikuwa mama mjane anaitwa Kabula, sisi tulimwita Mayu Kabula, kwa heshima, kama unavyomwita mama yako. Aliuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Alipikia samadi kavu na mabua ya pamba miaka yote, kwenye nyumba isiyo na dirisha. Ungetegemea yawe rangi gani?

Watoto waliokuwa wakimzunguka kuomba kipande, siku hiyo walimwona wakakimbia. Kesho yake pale bombani, Mayu Kabula akichota maji, mwanamume mmoja anaitwa Ndaki akasema mbele ya watu, "Macho yale nimeyaona kwenye video."

Watu wakacheka. Ila kuna waliocheka kwanza, halafu wakanyamaza wakimwangalia.

Mliokulia kule mnaelewa. Kwetu neno kama hilo kwa mama mzee mwenye macho mekundu si utani. Wapo walioitwa wachawi na kuondolewa duniani kwa neno dogo kuliko hilo.

Jumatano Mayu Kabula akaja nyumbani. Nilikuwa nakarabati baiskeli.

"Mwadila, Mayu," nikamsalimia.

"Mwadila." Akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. "Wanasema wewe unajua lugha ya Wajapani."

"Kidogo, Mayu."

"Basi niambie, mwanangu. Yule mama wa kwenye video alisema nini hasa? Maana wananiambia amesema mambo yangu."

Nilishika spana nikaizungusha weee. Mwishowe nikasema, "Sijui, Mayu. Nilitunga."

Hakugomba. Akasema tu, "Wewe umetunga mchana mmoja. Mimi nitaishi nalo mpaka lini?"

Akaondoka. Wakuu, heri angenichapa na pampu ya baiskeli.

Nikaenda kwa Shija nikamwambia nataka kusimama mbele ya watu niseme ukweli. Akashika kichwa. "Watu wakijua mtafsiri hajui lugha, mimi nitaonyesha nini? Hii ndiyo biashara yenyewe."

Nikamwambia, "Yule mama akipatwa na jambo, utaonyesha nini?"

Shija naye alikuwa na mama Kasoli, na moshi wa kule ni uleule. Akanipa ufunguo wa godauni. "Kaiangalie tena kwanza. Usije ukatunga mara ya pili."

Asubuhi nikaiangalia peke yangu, nimefunga mdomo. Ndiyo mara ya kwanza niliitazama kweli.

Kile kivuli kikitoka, mama anasimama kukizuia kwa taa. Kikimpita, anafukuzana nacho, anakipokonya sauti na kuziweka kwenye mtungi. Na ule mwisho ambao nilisema anakunywa, nikaurudisha mara tatu. Hanywi. Anauinamisha mtungi nje, anamimina. Sauti zinatoka zinarudi majumbani.

Wiki iliyopita, kwenye laptop ya binti yangu, subtitles zimenithibitishia. Macho mekundu ni kwa sababu hajalala miaka mingi analinda kile kisima. Maneno niliyoyafanya kicheko cha mchawi yalikuwa, "Nendeni nyumbani, mama zenu wanangoja."

Jumamosi ikafika, godauni limejaa. Nilimwomba Mayu Kabula aje, akaja, Shija akamketisha mbele kwenye kiti chake mwenyewe. Watu wakaanza kunong'ona.

Nikachukua kipaza sauti. Nikasema, "Ndugu zangu, ile katuni niliwadanganya. Sijui Kijapani. Yule mama si mchawi, niliyatoa kichwani mwangu."

Nikasubiri jiwe.

Mzee mmoja nyuma akasema polepole, "Kwani nani alidhani unajua? Mwezi jana Mchina wako alikuwa anaongelea dawa ya wadudu wa pamba."

Godauni likavunjika kwa kicheko. Kumbe miezi yote wengi wao walikuwa wanajua, wanakuja kunisikiliza mimi nikidanganya.

Shija akawasha deki. Sikutafsiri. Picha ikaenda, na baada ya dakika chache sauti ikaanza kusikika kutoka kiti cha mbele. Mayu Kabula alikuwa anaongea na TV, kwa Kisukuma, kama anaongea na jirani.

"Huyu mama amechoka. Angalia mabega."

Binti mdogo akamuuliza, "Mbona macho yake mekundu?"

"Anakesha kwa ajili ya watoto wa watu," akasema. "Na ile taa inatoa moshi."

Nikampelekea kipaza sauti, akakishika kama mchi. Aliitafsiri episode yote. Alipofika pale mama anamimina mtungi, kulikuwa na wanawake wanafuta machozi kwa ncha za kanga.

Mwanga wa nje ulipoingia mlango ukifunguliwa, Ndaki akasimama. "Mayu, niliongea vibaya pale bombani. Nawaomba na waliocheka na mimi wasikie, nilikosea."

Mayu akamjibu, "Basi njoo ununue michembe."

Akaenda, na mke wake na watoto wote wanne.

Tangu siku ile tukawa watafsiri wawili. Filamu za vita alizipenda kuliko zote. Wanajeshi wakipigana yeye anawauliza kwenye kipaza sauti nani kabaki nyumbani anapalilia. Watu walikuwa wanatoka mpaka Migato kuja kumsikiliza.

Kama review, episode naipa nane kwa kumi. Michoro safi, muziki safi, ila katikati inavuta sana miguu. Tafsiri ya Mayu Kabula naipa kumi.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alifariki kwa uzee, kitandani kwake, na binti wa Ndaki ndiye aliyekuwa anampikia uji.

Nilichojifunza, wakuu, ukipewa kipaza sauti na huna uhakika na jambo, sema huna uhakika. Kuna mtu mahali fulani atalala na neno lako.

Wenzangu mliokulia kwenye mabanda ya video, mtafsiri wenu alikuwa anawadanganya nini? Tiririkeni, na wa Meatu, Itilima na Maswa msijifiche.