Presha ya Kupanda

Walburga Komba alihesabu hivi: Renatha aliolewa na mwanawe Valence baada ya Pasaka, na pumzi yake Walburga ikaanza kupungua baada ya Pasaka hiyohiyo. Mwanamke aliyezoea kubeba debe la mahindi kutoka shambani Mshangano hadi nyumbani Lizaboni, sasa kile kilima kidogo cha kwenda kanisani kilimsimamisha mara tatu, mkono kiunoni, akijifanya anasalimia watu.

Na Oktoba ilikuwa inakuja. Kila mwaka, tangu mumewe Kajetani afariki, alikwenda hija Peramiho kwa miguu na akina mama wa jumuiya. Ilikuwa nadhiri. Kupanda gari pamoja na wagonjwa hakukuwemo.

Mboga nazo ziligeuka ladha.

"Renatha, chumvi imeisha dukani?"

"Ipo, mama."

"Basi imeishia njiani, maana humu haijafika."

Renatha akacheka kidogo, akainama kuchochea moto. Kicheko kile Walburga hakukipenda. Siku moja alimwona anapandisha pakiti ya chumvi juu ya kabati, nyuma ya makopo. Anayeficha chumvi, akajiuliza, anaficha na nini kingine? Akasali Rozari nzima, moyo haukutulia. Tangu siku hiyo, chakula kikitengwa alisema kwa upole, "Leo nipe sahani yako, mwanangu." Renatha alimpa bila neno, na hilo nalo likamtia shaka.

Dawa hakuziacha. Mwezi wa tano Valence alimpeleka zahanati, nesi akasema, "Mama, una presha ya kupanda." Walburga alielewa vizuri. Si ilimkamata akipanda? Siku ya kupanda kilima akameza kidonge, siku ya kukaa mkekani akipukuchua mahindi akakitunza. Vidonge vya mwezi mmoja vilimfikisha wa tisa.

Jumapili moja ya Septemba, akipanda kwenda misa, aligeuka akamwona Renatha anamfuata kwa mbali.

"Unanifuatia nini?"

"Naogopa utaanguka, mama."

Akataka kumjibu, pumzi ikakataa. Akakaa chini na kitenge chake kipya, palepale kwenye vumbi. Renatha akasimamisha bodaboda, wakapakizana hadi zahanati.

"Shikamoo, mama. Vidonge unameza?" akauliza nesi Jane.

"Marahaba. Nameza nikipanda."

"Ukipanda nini?"

"Kilima, mwanangu."

Jane akaweka kalamu chini. "Mama, inayopanda ni presha, siyo wewe. Mishipa imekaza, moyo unasukuma damu kwa nguvu kama mtu anayesukuma baiskeli ya mkaa mlimani. Misuli yake imenenepa, imekuwa migumu, haujai damu vizuri. Ukitembea mwili unadai damu zaidi, moyo hauna ya kuongeza. Ndipo pumzi inakata."

"Kwa hiyo hata nikikaa mkekani napanda?"

"Moyo wako unapanda. Kidonge ni kila siku. Tembea polepole, pasipo na mlima kwanza. Na chumvi niliyomwambia kijana wako, mmepunguza?"

Siku ile ya mwezi wa tano, Jane alipomwambia Valence habari ya chumvi, Walburga alikuwa ameshatoka kwenda dirisha la dawa. Akamgeukia Renatha.

"Valence alisema nisikuambie, mama. Ungekataa kula."

"Ningekataa kweli," akasema Walburga.

Oktoba, kwenye hija, alitembea tambarare zote, Renatha pembeni na chupa ya maji. Penye miinuko alipanda gari la wagonjwa, uso ameugeuzia porini, akimwomba Kajetani amwelewe.

Siku hizi anameza kila asubuhi, baada ya kukigeuza kidonge pande zote mbili. Sahani bado wanabadilishana. Renatha hangoji kuombwa. Anaisukuma yake mwenyewe, wanafanya ishara ya msalaba, wanakula.